Duara Alilochora Wifi Yangu

Kaka yangu alipomleta wifi nyumbani, jicho langu lilikwenda kwanza kwenye viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kazini, visigino vimelika upande mmoja kama vya mtu anayekimbizana na siku. Nikasema moyoni, huyu hatatulia jikoni. Na kweli hakutulia. Ila sikujua kwamba ipo siku nitawafukuza watu kibarazani kwangu kwa ajili yake.

Ni afisa utumishi katika ofisi ya serikali, ile ya ghorofa moja yenye ngazi za saruji na kaunta ya mapokezi iliyochubuka rangi pale watu wanapoegemeza viwiko. Asiyeijua kazi hiyo, kama nilivyokuwa mimi, aelewe hivi: mtumishi akiajiriwa, akiugua, akijifungua, akihamishwa, akistaafu, habari zake zinapita mezani kwa wifi. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia shule ya msingi, nashonea kibarazani. Siku za mwanzo nilimtania: "Basi wifi, kazi zetu ni moja. Wewe unapima watu, mimi napima watu."

Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye sufuria, "Tofauti yake, wako nguo ikiwabana unaifumua. Wangu wakibanwa wanaambiwa wapungue."

Hapo nikajua nimepata mtu wa kuongea naye.

Tunakaa uwanja mmoja. Nyumba kubwa ni ya kaka, wifi, watoto wao na mama yetu. Mimi nina chumba cha pembeni chenye baraza. Mama alianguka bafuni miaka iliyopita, miguu ikakataa. Miguu ilipokufa, ulimi ukachukua kazi ya viungo vyote. Anakaa kitandani chumba cha mbele, nyuma ya pazia, na hakuna anayeingia wala kutoka asisemwe. Kumwogesha na kumgeuza alfajiri alimchagua wifi, mkwe wake, akaniacha mimi niliyetoka tumboni mwake. "Mkono wako mzito," aliniambia, "unanishika kama unapiga pasi." Basi alfajiri ilikuwa yao wawili. Nilikuwa nawasikia kupitia dirishani, maji yakimwagika kwenye beseni, na kicheko. Wifi ni hodari wa kuigiza watu. Alikuwa akimletea mama ofisi nzima pale kitandani, kila mmoja na sauti yake. Mchana wifi akiwa kazini, mama alikuwa wangu: chakula, dawa, kumgeuza tena, kumsikiliza akinisema.

Kazini wifi alikuwa na mwenzake. Waliajiriwa pamoja, meza zao zikawekwa zikitazamana, wakawa wanakula kwenye bakuli moja, na ofisi ikawabatiza Pacha, wote wawili. Baadaye jina likamkaa yule mwenzake peke yake. Pacha alikuja kwetu mara nyingi sana. Anajua kikombe chake ni kipi, anajua mlango wa choo unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Alipojifungua akarudi kazini, alikuta meza yake imepewa mtu, na yeye amepangiwa kituo cha mbali kwa maelezo kwamba "hakuwepo wakati wa mgawanyo". Wifi ndiye aliyesimama. Alimfuata mkuu wa ofisi ngazini, akamfuata mpaka kwenye gari, akamwambia likizo ya uzazi ni likizo, si utoro. Pacha akarudishiwa meza. Nakumbuka alivyokuja jioni ile, mtoto mgongoni, akamshika wifi mikono yote miwili. Mimi niliwapikia chai.

Kisha yakaja yale mafunzo. Makao makuu yalitaka kila ofisi itoe afisa utumishi mmoja akafundishwe ajira inayozingatia jinsia, halafu arudi awafundishe wenzake. Wanaume wa ofisi waliona ni mambo ya wanawake. Wanawake wakubwa waliona ni mambo ya wasichana. Wifi akapelekwa kwa kuwa hakuwepo chumbani walipokuwa wanakataa. Alirudi amebeba karatasi kubwa za kubandika ukutani, zimeviringishwa kama mkeka, na macho yake yana moto.

Alifanya mazoezi kwetu. Alivuta pazia la mama, akatukalisha mimi na kaka kwenye makochi, akasimama katikati.

"Mama, tuseme wewe ni mwenyekiti wa jopo la usaili. Mimi nimekuja kuomba kazi. Niulize."

"Umeolewa?"

"Swali hilo haliulizwi, mama."

"Una watoto wangapi?"

"Na hilo haliulizwi."

"Ukipata mimba kazi yangu atafanya nani?"

Kaka akacheka. Wifi akamkata jicho. "Hayo yote hayaulizwi. Mwanamume haulizwi nyumbani kwake kukoje, na mwanamke asiulizwe."

"Basi nikuulize nini," mama akasema, "na hayo ndiyo ninayotaka kujua?"

"Niulize kama kazi naiweza."

Mama akamtazama. "Hilo sina haja ya kuuliza. Nalijua."

Wifi akaingia ofisini kufundisha. Chumba cha mikutano, viti vya plastiki, feni inayolia kama inadai kitu. Haya nayasema kama alivyotusimulia yeye, tena kwa sauti za watu, kwa hiyo ni kama nilikuwepo. Siku ya kwanza walimsikiliza kwa adabu ya kulazimishwa. Siku ya pili akawapa zoezi la duara la siku. Unachora duara kubwa kwenye karatasi, unaligawa kama unavyokata mkate wa mviringo, kila kipande ni kazi yako moja tangu unapofumbua macho mpaka unapoyafumba. Wanaume walichora haraka: kazini, kupumzika, habari, kulala. Wanawake wakajiinamia. Mmoja aliandika "shughuli ndogo ndogo" akafunika na mkono.

Wifi akaona hawataki kuanza. Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora la kwake mbele yao, bila kupunguza. Alfajiri mama mkwe: kuogesha, kugeuza, kubadilisha shuka. Watoto. Ofisi. Sokoni. Jikoni. Masomo ya watoto. Mama mkwe tena. Mafaili aliyobeba nyumbani. Mwisho kikabaki kipande chembamba kama ukucha. Bwana Masjala, yule anayetunza mafaili ya ofisi, kijana mpole aliyenyolewa vizuri, akauliza, "Hicho kijistari ni nini, dada?"

"Usingizi."

Chumba kikacheka, halafu kikaacha kucheka. Hapo wanawake wakafunua karatasi zao. Mkuu wa ofisi alisimama akasema hajapata kuona kitu kama hicho, akawaambia wanaume wote walitazame vizuri. Duara likabandikwa ukutani katika ofisi ya utumishi, likakaa. Na wifi akaanza kuitwa Mama Duara.

Jioni alipotusimulia, nilimuuliza kitu kimoja. "Na mimi nimo wapi humo?"

"Wifi, hili ni duara langu. Lako chora wewe."

"Atakayeliona atadhani mama analala peke yake mchana kutwa, na wewe huna mtu."

"Ni zoezi tu, wifi," akasema, akanipiga begani. "Usiwe na wivu na uchovu wa mwenzio."

Tukacheka. Cherehani langu lilikuwa na uzi umenasa, nikarudi kwalo.

Siwezi kusema mafunzo yale yalikuwa bure. Stoo ya viti vibovu ilisafishwa, ikawekwa pazia na godoro dogo, wanaonyonyesha wakapata pa kukaa badala ya chooni. Mikutano ya jioni ikahamia asubuhi. Tangazo la kazi ya udereva lililokuwa linasema "awe mwanamume shupavu" likabaki na "shupavu" tu, na mwanamke akaipata. Hata kaka yangu alibadilika. Alianza kufua sare za watoto, ingawa akifua shati moja mtaa mzima unajua, analianika mbele kama bendera.

Ndipo mkuu wa utumishi, mzee wa watu, akafika umri wa kustaafu. Nafasi ikatangazwa kwa watu wa ndani. Wifi alikuwa ameikaimu mara zote mzee alipougua, kila mtu alijua. Lakini hakuitaka kwa ajili ya kiti. Aliniambia siku moja akinishikia kitambaa nikate: "Wifi, yote haya niliyofundisha ni maombi. Naomba, wananikubalia, kesho mtu akikasirika anayafuta. Stoo ile itarudishwa viti siku yoyote. Nikikaa pale siombi tena. Natia saini."

Aliitaka. Sijapata kumwona mtu mzima akitaka kitu kwa namna ile, waziwazi, bila kujificha kwenye "Mungu akipenda" na "tutaona". Tukakaa kikao cha nyumba. Mimi nikasema akiipata kazi, alfajiri ya mama naichukua. Kaka akasema watoto na chakula cha jioni ni vyake, na tukamfanya arudie mbele ya mama ili kuwe na shahidi. Mama akapumua.

"Haya. Mkono wa pasi nitauvumilia. Ila nikipata alama mgongoni mtanieleza."

Nikamshonea suti ya bluu nzito. Alitaka mifuko kwenye sketi. Nikamwambia mifuko itavimba itaharibu mkato. "Wanaume wanaingia kwenye usaili na mifuko," akasema, "mimi niingie nimekumbatia mkoba kama nakwenda harusini?" Nikaweka mifuko. Sketi haikuharibika, nakiri.

Jopo lilikuwa la mkuu wa ofisi, maofisa wawili kutoka idara nyingine, na Pacha kama katibu wa kuandika kumbukumbu. Wifi alipojua Pacha yumo alifurahi. "Si kwa kunipendelea," alisema. "Ni wa kuhakikisha hawaniulizi upuuzi."

Alirudi siku ile anang'aa. Hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja kwa mama. "Hawakuniuliza hata swali moja la nyumbani. Sikuulizwa mume, sikuulizwa watoto, sikuulizwa wewe. Kazi tu, sheria tu, taratibu tu. Walinifuata neno kwa neno." Alikuwa na furaha ya mwalimu ambaye darasa zima limefaulu. Mama akasema, "Basi nilikuwa mwenyekiti mbaya mimi peke yangu."

Nafasi akapewa Bwana Masjala.

Tangazo lilibandikwa ubaoni penye ratiba za usafi. Wifi alirudi nyumbani akavua suti, akaitundika, akapasha maji, akamwogesha mama jioni ingawa haukuwa wakati wa kuoga. Nilipomfuata na maneno akaninyamazisha. "Tumeshindana, nimeshindwa. Ndiyo ushindani. Usaili ulikuwa wa haki." Alikuwa hana hasira nao kabisa, hasira yote alijimalizia mwenyewe. Alianza kurudia majibu yake akiosha vyombo. Labda lile la kanuni za nidhamu alilijibu kwa kirefu. Labda alimkatiza yule ofisa mwenye miwani. Bwana Masjala alikuwa anakuja mezani kwake kila asubuhi na uso wa aibu kumuuliza hiki kinafanywaje na kile kinafanywaje, naye anamfundisha. Na jioni anajiuliza tena alikosea wapi. Aliendelea hivyo mpaka kola ya shati lake ikamlegea shingoni, na mimi ndiye niliyeipunguza.

Sasa Pacha. Alikuja siku ya mapumziko, mchana, amebeba machungwa. Nilikuwa barazani na kazi ya watu, mlango wa sebuleni uko wazi, hatua mbili kutoka nilipokaa. Wifi akamletea maji kwenye kikombe chake kile kile.

"Pacha, umekonda," mgeni akaanza, maana wao wawili bado waliitana hivyo. "Unajitesa bure. Usifikiri ulishindwa maswali. Ulimwacha yule kijana mbali sana."

Wifi akabaki ameshika sinia. "Nani kasema?"

"Mimi nilikuwepo, nani aseme tena? Majibu yako mpaka wale wa idara nyingine walitikisa vichwa. Nilikuwa naandika mpaka mkono unauma."

"Sasa?"

"Sasa mkuu akasema, huyu mama mzigo wake tunaujua, tuliuona kwa macho yetu. Lile duara. Akasema, tumefundishwa tutazame mzigo wa mwanamke kabla hatujamwongezea mwingine. Akanigeukia mimi. Wewe ndiye pacha wake, akasema, tuambie kweli, ataweza?"

Cherehani langu lilikuwa limesimama zamani.

"Nikasema kweli," Pacha akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu anayesubiri kushukuriwa. "Nikasema huyu halali. Ana mama mkwe kitandani, anamgeuza peke yake, mume mwenyewe ndiyo hivyo. Nikasema mkimpa ile kazi mtamzika. Nilikutetea, Pacha. Wenyewe wangekupa tu, wakuue."

"Ulisema peke yangu."

"Si ndivyo ulivyochora?"

Hapo nikasimama mlangoni. "Na mimi ni kabati?"

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo ya kunywa chai ninayopika. "Wifi, sikukusudia..."

"Mimi si wifi yako."

Wifi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameweka sinia chini, polepole, kama lina kitu cha kumwagika. "Kama mlikuwa na shaka," akasema, "mbona hamkuniuliza? Nilikaa mbele yenu. Ningewaambia nani anamgeuza mama, nani anapika. Tulishajipanga nyumba nzima. Swali moja tu."

Pacha akakunja uso, kwa kweli hakuelewa. "Tungekuulizaje, na wewe ndiye uliyetufundisha tusiulize?"

Nimeishi na maneno mengi mabaya maishani, mengine nimeyasema mimi mwenyewe. Sijapata kusikia lililomwingia mtu kama lile. Swali la nyumbani halikutoka kinywani mwao, kwa heshima. Lakini lilijibiwa. Walilijibu wenyewe, mlango ukiwa umefungwa, naye amekaa nje kwenye benchi na suti yake ya mifuko akiwasifu kwa adabu. Alikuwa amewafundisha wauone mzigo ili wampishe mtu njia. Wao wakauona, wakaziba njia, wakajiandikia kwamba wamezingatia jinsia.

Pacha bado alikuwa na la kuongeza. Wa hivyo huwa nalo. "Na yale mafunzo ya ofisi za nje, uliyokuwa uende kuyafundisha, usiwe na wasiwasi nayo. Zile safari zingekumaliza. Wameniomba nikupunguzie, nizunguke mimi, nimekubali. Karatasi zako nimeshazichukua pale ukutani."

"Zote?"

"Zote. Na duara. Linafundisha sana lile."

Nyuma ya pazia, mama yangu akasema, si kwa nguvu, "Kumbe ni mimi."

Wifi akafunga macho. Pacha akachukua mkoba wake. Machungwa aliyaacha, niliyatupia mbuzi wa jirani.

Watu wananiuliza mpaka leo kama Pacha alifanya kusudi. Wengine wanasema alimwonea huruma kweli. Wengine wanahesabu hizo safari na kile kiti cha mbele kwenye gari la ofisi. Na wapo wanaosema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nani alimwambia achore mambo ya nyumbani kwake mbele za watu. Hao nimewapiga marufuku kibarazani, wakashone kwingine. Kuhusu Pacha sijui, na nimeacha kutaka kujua. Mtu akikuzika ukiwa hai kwa sababu ulionekana umechoka, utamshukuru kwa kuwa kaburi alilichimba vizuri?

Wifi alikwenda kwa mkuu wa ofisi. Mkuu alimpokea vizuri, akamkalisha. Akamwambia walimhurumia. Akamwambia rufaa ni haki yake, aandike akitaka, lakini ajue shahidi wa kwanza dhidi yake ni mkono wake mwenyewe. "Ulichora wewe, mama. Hatukukuchorea." Bwana Masjala alikuwa ameshabadilisha mapazia ya ile ofisi. Wifi akarudi mezani kwake, akakaa akitazama meza ya Pacha, ambayo siku nyingi sasa ilikuwa tupu kwa kuwa mwenyewe yuko safarini.

Hayo ya ofisini tungeyabeba. Ya nyumbani ndiyo yaliyotushinda. Kesho yake, baada ya machungwa, wifi aliingia kwa mama alfajiri na beseni lake. Nikasikia maji. Sikusikia kicheko.

"Geuka mama, nikusafishe mgongo."

"Nimeshajigeuza."

Hawezi kujigeuza. Hajajigeuza tangu aanguke.

"Mama."

"Mwite mwanangu. Wewe una kazi, nenda kazini kwako."

Wifi alibembeleza, akakasirika, akalia kidogo mlangoni akidhani hatumwoni. Mama alikuwa ameshaamua. Aligeuka jiwe. Akimsikia wifi anakuja anafumba macho, anakoroma mkoromo wa uongo ambao hata mtoto haumdanganyi. Nikamwambia, mama, unamwadhibu asiye na kosa. Akasema, "Simwadhibu. Nampunguzia." Lile neno hakulitoa kichwani mwake. Alilisikia kupitia pazia.

Mwisho wa yote yakaja mafunzo ya marudio, safari hii kwao, na wageni kutoka ofisi za jirani. Pacha ndiye mwezeshaji. Alisimama pale pale wifi alipokuwa amesimama, feni ile ile, akazungumza vizuri, wifi mwenyewe anakubali kwamba alizungumza vizuri. Ilipofika zoezi la duara akakunjua karatasi akabandika ukutani. Jina lilikuwa limekatwa na mkasi. Alfajiri mama mkwe, watoto, ofisi, soko, mpaka ukucha wa usingizi.

"Huu ni mfano wa mtumishi mmoja," Pacha akasema. "Niambieni. Mtumishi kama huyu, ukimrundikia na cheo, umemsaidia au umemwonea?"

Wageni wakaitikia kwa pamoja kama darasa la watoto, "Umemwonea."

Wenyeji hawakuitikia. Walitazama viatu vyao. Bwana Masjala alikuwa anasugua ukingo wa meza kwa kidole. Pacha akapita kugawa karatasi tupu, mstari kwa mstari, mpaka nyuma alikokaa wifi na suti yake ya bluu.

"Na wewe, Pacha. Chora."

"Langu unalo," wifi akasema.

Akainuka, akapita katikati ya viti vya plastiki, akafika ukutani. Akabandua pembe moja moja, taratibu, rangi ya ukuta isichubuke, maana yeye ndiye aliyewahi kutoa waraka kuhusu gundi na kuta za serikali. Akalikunja mara mbili, tena mara mbili, likaingia mfukoni. Mfuko haukuvimba. Akarudi kukaa. Alikaa mpaka mwisho, kwa sababu kuondoka kabla ya muda ni utoro, na hakutaka kuwapa hilo pia.

"Asante kwa ushirikiano," Pacha alisema mbele ya watu, kisha akaendelea.

Nyumbani alinipa ile karatasi. Mimi huchora vipimo kwenye karatasi za aina hiyo, upande wa nyuma ulikuwa mweupe. "Katia chochote," akasema. Nilikatia sare za shule za watoto wa jirani. Duara likaenda vipande vipande, kola, mikono, viraka vya mifuko.

Alfajiri iliyofuata wifi alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama bila beseni. Mama akakoroma. Wifi akaanza kusimulia. Alileta sauti ya Pacha, ya wageni, ya feni. Alipofika kwenye "asante kwa ushirikiano" mkoromo ulikatika. Nikasikia kicheko cha mama, kile cha zamani, kinachoanzia tumboni na kumalizikia kwenye kikohozi. Nikakimbia dirishani na nyuzi mdomoni.

"Alisema hivyo kweli?"

"Kwa mdomo wake, mama."

Mama akacheka tena, akapangusa macho. Wifi akanyoosha mkono, akaushika ule mguu usiohisi, akasema, "Sasa geuka nikusafishe."

Kicheko kikaisha. Mama alimtazama, na naapa alikuwa anampenda kuliko sisi wote.

"Mwite mwanangu aje," akasema.

Nikaingia na mkono wangu wa pasi, nikamgeuza. Nilipoinua kichwa wifi alikuwa bado mlangoni, amevaa viatu vyake vyeusi. Kulikuwa mapema mno kwenda kazini. Ule mzigo wamemtua kweli, alfajiri nzima ni yake sasa, na hana pa kuipeleka.